Risasi ya Mpanda na Vijiaskari vya London

Kiswahili kina jina moja tu kwa vitu viwili ambavyo lugha nyingine huvitenga. Risasi ni ile inayotoka kwenye mtutu wa bunduki, na risasi pia ni madini yenyewe: ya kijivu, mazito, laini kiasi cha kuchorwa kwa ukucha, yale ambayo mvuvi huyafanya chubwi ili mshipi uzame. Mpanda ni mji uliokuzwa na risasi ya aina hii ya pili. Bila jiwe hilo, pale palipo stesheni leo pengine pangebaki kuwa pori la miombo, mizinga ya nyuki na mbung'o.

Reli ndiyo iliyokuja kulifuata jiwe. Mwaka 1950 tawi la reli kutoka Kaliua, lenye urefu wa kilomita zipatazo 210, lilifika Mpanda likivuka mbuga na misitu ambamo kukutana na watu kulihitaji siku kadhaa za mwendo. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba hapo risasi iliyochanganyika na shaba, fedha na dhahabu kidogo, ikaipakia kwenye mabehewa, ikaisafirisha hadi Dar es Salaam na kuipeleka ng'ambo. Mji ukapata nyumba za wafanyakazi, umeme wa mgodi, maduka, na watu wa makabila ambayo wenyeji, Wabende na Wapimbwe, hawakuwahi kuishi nayo jirani.

Ng'ambo huko, katika miaka hiyohiyo, risasi ilikuwa na kazi nyingi: betri, mabomba, rangi, nyaya za simu. Ilikuwa pia na kazi ndogo sana, isiyotajwa kwenye ripoti za migodi. Ilikuwa ikisubiwa kuwa askari.

Vijiaskari vya madini ni kazi ya zamani Ulaya. Mafundi wa Nuremberg, Ujerumani, walivitengeneza kwa bati tangu karne ya 18, vyembamba kama sarafu, vya kutazamwa kwa upande mmoja tu. Mwaka 1848 karakana ya Ernst Heinrichsen ya mji huo ilianza kutoa vijiaskari vya kimo cha milimita 30, na kimo hicho kikawa kipimo cha wengine. Lakini mapinduzi yenyewe yalitokea London mwaka 1893, kwa William Britain mwana, wa kampuni ya Britains. Yeye aligundua kwamba fundi akimimina risasi iliyochanganywa na antimoni ndani ya kalibu, akasubiri kidogo ganda la nje ligande, kisha akaipindua kalibu haraka, risasi ya katikati ambayo bado ni uji humwagika. Kinachobaki ni askari mwenye uwazi tumboni: mwepesi, wa bei nafuu, na mzuri kwa macho kuliko yule wa Kijerumani aliyejaa madini mwili mzima. Kimo chake kilikuwa milimita 54. Ujanja huo wa kupindua kalibu ndio uliowawezesha watoto wa tabaka la kati kumiliki majeshi.

Kampuni ya Britains ilitaka kila kikosi cha dola ya Kiingereza kiwe na sanduku lake jekundu dukani. Ndivyo askari wa Kiafrika walivyoingia kalibuni. Kati ya vita kuu mbili seti namba 225 iliuzwa ikiwa na askari wa King's African Rifles, kikosi ambacho watu wa Afrika Mashariki walikiita KAR au keya. Hadi leo, ukisema mzee fulani alikuwa keya, wa rika lake wataelewa bila kuuliza. Mtoto wa Birmingham asiyejua Nyasa iko upande gani wa dunia angeweza kumsimamisha keya kwenye zulia, bunduki begani, kisha kumwangusha kwa njiti ya kiberiti iliyofyatuliwa na mzinga wa springi. Mzinga huo wa kuchezea, mfano wa mzinga wa manowari wa inchi 4.7, ndio mwandishi H. G. Wells aliousifu mwaka 1913 alipotoa kitabu cha kanuni za mchezo wa vita vya sakafuni. Mwaka mmoja baadaye vita vikahama kutoka sakafuni.

Si lazima kudai kwamba tani fulani ya Mpanda iliingia kwenye kalibu za Britains. Inatosha kuona kwamba madini ni yaleyale, na kwamba vita ambavyo vijiaskari hivi huviigiza vilipita, kwa sehemu yake ya ajabu kabisa, kwenye ziwa linalopakana na mkoa ambao leo unaitwa Katavi.

Mkoa wenyewe ni mchanga. Ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Ufuo wake wa Ziwa Tanganyika ni mrefu, na kwenye ufuo huo kuna Karema, kijiji ambacho mkusanyaji yeyote wa vijisanamu vya karne ya 19 angekitamani kama angekijua. Agosti 1879 Kapteni Ernest Cambier, Mbelgiji, alifika hapo kwa niaba ya chama cha kimataifa alichokiunda Mfalme Leopold wa Pili, akaanza kujenga boma. Lilikuwa kituo cha kwanza cha chama hicho. Boma lilitazamana na ziwa, lakini ziwa halikutaka kutazamana nalo: maji ya Tanganyika yalikuwa yamepata njia ya kutokea kupitia mto Lukuga, yakaanza kushuka, na ngome iliyojengwa ufukweni ikajikuta ikilinda nchi kavu.

Mwaka huohuo, upande wa pwani, tembo wanne wa kufugwa kutoka India waliteremshwa Msasani, karibu na Dar es Salaam. Leopold alitaka kujua kama tembo wangeweza kuchukua nafasi ya wapagazi. Msafara uliongozwa na Frederick Carter, ukaelekea bara kupitia Mpwapwa, na tembo wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine. Mmoja tu, jike lililoitwa Pulmalla, ndiye aliyeiona Karema, naye hakudumu. Carter mwenyewe aliuawa Juni 1880 pamoja na mwenzake Cadenhead huko Mpimbwe, kijiji walichokuwamo kiliposhambuliwa na wapiganaji wa mtemi Mirambo.

Wapiganaji hao, ruga-ruga, ni kipenzi cha wachongaji wa leo. Kampuni ya Kiingereza ya Foundry ina mfululizo mzima wa vijisanamu vya milimita 28 vilivyochongwa na Mark Copplestone, na ndani yake ruga-ruga wamo: gumegume mkononi, pembe ya baruti kiunoni, nguo nyekundu, manyoya kichwani. Kazi ya mkono ni nzuri sana. Jina la mfululizo ni la kusikitisha, kwani linaiita Afrika giza nene, kana kwamba Mirambo aliyeandikiana barua na mabalozi na wamisionari alikuwa akipapasa ukuta. Gumegume lakini limechongwa sawasawa. Lilikuwa bunduki ya jiwe, ya kushindiliwa baruti mdomoni, iliyopitwa na wakati Ulaya na kumwagwa Afrika kwa maelfu ili kununulia pembe za ndovu. Mvua ikinyesha, gumegume huwa rungu.

Kuna Mfaransa mmoja pia. Léopold Joubert alikuwa zamani mwanajeshi wa Papa, katika kikosi cha Wazuavu, ambao sare yao ya koti fupi na suruali pana iliigwa kutoka Algeria. Sare ya Mzuavu imetengenezwa mara nyingi kwa risasi, kwa kuwa wapaka rangi huipenda. Joubert alipita Karema, ambako Wabelgiji walikuwa wamewaachia Mapadri Weupe boma lao mwaka 1885, kisha akavuka ziwa kwenda Mpala mwaka 1887 kuongoza ulinzi wa misheni dhidi ya wawinda watumwa. Alikufa mwaka 1927 kwenye ng'ambo ileile ya ziwa. Miaka miwili baada ya yeye kuvuka alifika Karema mtu ambaye hana kijisanamu popote: Adrian Atiman, aliyezaliwa pande za Timbuktu, akauzwa utumwani, akakombolewa na mapadri na kusomeshwa udaktari Malta. Alitibu watu Karema tangu 1889 hadi alipofariki mwaka 1956.

Sasa vita.

Mwaka 1914 Wajerumani ndio waliokuwa mabwana wa Ziwa Tanganyika. Walikuwa na stima ndogo Kingani na Hedwig von Wissmann, na Kigoma walikuwa wakiunganisha meli kubwa. Meli hiyo, Graf von Götzen, iliundwa mwaka 1913 kwenye karakana ya Meyer huko Papenburg, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikasafirishwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli. Fundi Anton Rüter na wenzake wawili kutoka Papenburg waliiunda upya kwa msaada wa mamia ya vibarua wa Kiafrika. Februari 1915 ikashushwa majini. Mtu anayependa kuunganisha meli za plastiki kwa gundi mezani ajue kwamba kwenye Ziwa Tanganyika iliwahi kuunganishwa meli ya namna hiyohiyo, ila hii ilikuwa na urefu wa karibu mita 70.

Waingereza walijibu kwa udogo. Boti mbili za mkangazi zenye urefu wa mita 12, Mimi na Toutou, zilipakiwa melini London Juni 1915 chini ya Kamanda Geoffrey Spicer-Simson, mtu mwenye majivuno na michoro ya chale mwilini. Kutoka Cape Town zilipanda treni hadi Fungurume, Katanga. Hapo reli ikaisha na milima ya Mitumba ikaanza. Kwa zaidi ya kilomita 200 boti zilikokotwa na matrekta ya mvuke, ng'ombe na watu, juu ya barabara na madaraja yaliyotengenezwa msafara ukiwa njiani. Kisha treni tena, kisha mto Lualaba, kisha treni nyingine, na Oktoba zikafika ziwani upande wa Kongo.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka Kingani, nayo ikapewa jina Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Kwa kipimo cha moja kwa 72, ambacho waunda mifano hukipenda, Mimi ina sentimita 17, inatosha kiganjani; Götzen kwa kipimo hichohicho inakaribia mita moja na inahitaji meza yake yenyewe. Ukiziweka pamoja ndipo unaelewa kwa nini Spicer-Simson, Götzen ilipojitokeza, aliamua kutopigana nayo.

Na hapa ndipo historia inapowacheka wachongaji. Götzen ilifungwa mzinga wa milimita 105, mmoja wa mizinga kumi iliyookolewa kutoka manowari Königsberg iliyoangamia Rufiji Julai 1915. Mizinga hiyo ilitolewa matopeni, mingine ikatiwa magurudumu Dar es Salaam, ikaburutwa na mamia ya watu kutoka pwani hadi kila upande wa vita. Mmoja umesimama hadi leo Fort Jesus, Mombasa. Vita vya nchi kavu vilipokaza, mzinga wa Götzen ulishushwa na kupelekwa kwa majeshi ya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Mahali pake pakawekwa mzinga wa mbao. Kwa majuma kadhaa, basi, meli kubwa kuliko zote ziwani ilikuwa ikitisha kwa kitu cha kuchezea, kilichotengenezwa kwa kipimo cha moja kwa moja. Julai 1916, Wabelgiji wakikaribia Kigoma, Rüter aliamriwa kuizamisha. Aliipaka mitambo grisi kwanza, fundi asiyekubali kuharibu kazi yake. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu Mei 1927 ilisafiri kwa jina la Liemba ikibeba abiria, dagaa na mananasi, ikisimama Karema na Ikola njiani kuelekea kusini.

Mkusanyaji makini huulizia vitufe vya koti na aina ya bunduki, na kwa askari wa vita hivi ana haki ya kuulizia. Lettow-Vorbeck alianza na kampuni 14 na askari wa Kiafrika wapatao 2,500. Wengi wao walikuwa na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, iliyotumia baruti nyeusi. Kila ilipolia ilitoa wingu jeupe ambalo adui alilipigia shabaha. Tanga, Novemba 1914, walipata nafuu: jeshi la Waingereza na Wahindi lilipokimbilia melini liliacha mamia ya bunduki mpya, bombomu 16 na risasi 600,000. Kwa hiyo kijisanamu cha askari wa Kijerumani mwenye bunduki ya Kiingereza si kosa la mpaka rangi. Tarbushi yenye kifuniko cha kaki, soksi ndefu za kuviringa za bluu: hayo ni sahihi. Keya wa upande wa pili mara nyingi alikwenda miguu mitupu, mguu umeviringwa kitambaa hadi kifundoni na nyayo ardhini. Mwanajeshi wa Kongo ya Kibelgiji kabla ya vita alivaa bluu na kofia nyekundu, akaja vitani kwa kaki.

Yote hayo hupatikana kwa milimita 28, kwa milimita 54, kwa risasi, kwa plastiki. Yana usahihi wa kushangaza. Lakini panga rafu nzima ya vita vya Afrika Mashariki, simama hatua tatu nyuma, utaona kosa ambalo halimo kwenye kijisanamu chochote kimojakimoja. Ni kosa la hesabu. Rafu imejaa wenye bunduki. Wapagazi wamo, wachache, wakiuzwa kama pambo la msafara wa Mzungu.

Vita vyenyewe vilikuwa kinyume. Kila mwenye bunduki alikuwa na watu nyuma yake, na mzigo wa kila mtu ulipimwa: ratili 60, karibu kilo 27, kichwani. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, barabara hazikuwapo, na tembo wa Leopold walikuwa wamekwisha kutoa jibu lao mwaka 1879. Akabaki binadamu. Waingereza peke yao waliandikisha mamia ya maelfu, na wanahistoria hukadiria kuwa wapagazi wao waliokufa walikaribia 100,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Masikio ya Waswahili yakakisikia Kariakoo, na kambi yao ya Dar es Salaam ikawa soko ambalo kila Mtanzania analijua. Nairobi wana Kariokor yao. Askari alipewa sanamu ya shaba katikati ya Dar es Salaam mwaka 1927, bunduki yenye singe ikielekea bandarini. Mpagazi alipewa soko. Huenda soko ndilo linalotajwa zaidi.

Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Alikuwa na askari 1,168 na Wazungu 155, na bunduki zao nyingi zilikuwa za Kireno na za Kiingereza, za kuteka.

Watu wa huku nao waliigiza jeshi, kwa njia yao. Baada ya vita ngoma ya beni, iliyoanzia pwani, ilienea na askari na wapagazi waliorudi makwao, ikafika Tabora na miji mingine ya bara. Vyama vyake viwili vikuu, Marini na Arinoti, vilikuwa na vyeo kamili: kingi, jenerali, kapteni, daktari. Walicheza gwaride kwa tarumbeta na ngoma, wamevaa sare za kujishonea, baadhi wakiwa na bunduki za mbao. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 1975. Makamishna wa wilaya walihangaika wasijue kama ni dhihaka, siasa au mchezo tu. Hapa jeshi halikupunguzwa kuwa la milimita 54 na kuwekwa kabatini. Lilibaki na kimo cha mtu, likatoka jasho, na vyeo vyake vikashikwa na watu ambao jeshi la kweli lisingewapa hata ukopla. Watoto nao walikata uti wa jani la mgomba, wakapasua vibanzi, wakaviinua na kuvipigisha kwa kiganja: ta-ta-ta-ta. Bombomu isiyohitaji kalibu.

Mgodi wa Mpanda ulifungwa mwaka 1960. Mwaka 1966 kampuni ya Britains iliacha kusubu vijiaskari vya risasi, kwa kuwa madini hayo yalikuwa yamejulikana kuwa sumu kwa watoto wanaotia kila kitu mdomoni, na plastiki ikashika nafasi. Vijiaskari vya zamani vikapanda bei na kuhamia kwa watu wazima, kwenye kabati za vioo na minada. Seti namba 225 ikiwa na sanduku lake haigharimu tena pesa ya peremende.

Reli ilibaki. Mabehewa yaliyowekwa kwa ajili ya jiwe yakaanza kubeba mahindi, mpunga, tumbaku na asali ya Inyonga, pamoja na watu waendao Tabora. Treni ikisimama Mpanda, abiria hushuka kwanza na mikono mitupu, hugeuka, hupokea kupitia dirishani magunia, madumu na kuku, kisha hujitwisha na kuondoka kwa mstari kuelekea mjini, mkono mmoja juu ukishika mzigo. Mchongaji wa milimita 28 angeufahamu mkao huo.